Ufuko Wenye Upepo

Mama alikataa fukwe tatu kabla chai haijapoa. Tulikuwa nyumbani Keshero, mjini Goma, mimi na yeye, simu yangu imewekwa kando ya mkate, tukichagua mahali pa kwenda kupumzika Zanzibar. Nilikuwa nimefunga duka langu la vitenge kwa wiki nzima, jambo ambalo kwa kawaida vita tu ndiyo hunilazimisha. Nilitaka kitu kimoja: mama yangu alale mchana, ajinyooshe, asihangaike.

Ufuko wa kwanza ulizungukwa na mawe, mchanga mweupe, maji yametulia tuli. Mimi nikaona ni peponi. Yeye akaisukuma simu.

"Ile ni shimo."

Wa pili ulikuwa na minazi. "Angalia majani yake," akasema, "hata moja haitikisike. Hakuna upepo." Wa tatu, watoto wa wageni walikuwa wamechimba mchanga wakalala ndani yake wakicheka. Huo hakuutazama mara mbili.

Asiyekulia Goma atasema ni mama mgumu. Lakini sisi tunayajua mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano, haina rangi, na asubuhi pasipo upepo hujikusanya mabondeni. Mtu mzima anaweza kusimama humo asijue kitu. Mtoto akilala humo, haamki. Ndiyo maana mama zetu huwasha kiberiti na kukishusha shimoni kwanza. Moto ukizimika, unatoka hapo mbio.

Vita ilipotukimbiza hadi kambi ya Mugunga, mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Asubuhi moja, baada ya mvua, mama alimlaza kwenye kibonde kati ya mawe ili baridi isimpate, tukaenda kupanga mstari wa maji. Mimi ndiye niliyebeba bidoni, dumu letu la maji. Tuliporudi alikuwa kama amelala. Mama hakushusha kiberiti siku ile. Shangazi zangu walimsema hadharani, na mimi, Mungu anisamehe, nilimsema moyoni miaka yote hiyo.

Tangu hapo mama hajalala chini. Volkano ilipochoma nyumba yetu ya kwanza tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, watu walijitupa popote kwa uchovu. Yeye aliketi kwenye kiti cha kuazima mpaka miguu ikavimba. Kitanda chake cha leo kina miguu mirefu hivi kwamba wajukuu wanakiita etaji, yaani ghorofa, na wakitaka kumpandia bibi yao kitandani wanaomba ngazi.

Kwa hiyo nilimwelewa. Lakini mimi na hasira ni ndugu.

"Basi chagua weye!" nikamwambia. "Mimi nimechoka!"

"Soma," akajibu, ametulia kabisa. "Soma wanalalamika nini."

Nikamsomea malalamiko ya wageni. Huko chakula kibovu, huko kelele. Nikafika kwenye ufuko wa Paje: upepo mwingi, mchanga unaingia mpaka kwenye wali.

"Apo," akasema mama. "Tuende apo."

Tukaenda. Wallahi, upepo ulikuwepo! Siku tatu mama aliketi kwenye kiti cha plastiki, viatu miguuni, akiwachunga wageni waliolala mchangani kana kwamba ni wanawe. Akimwona mmoja amekaa sana bila kujigeuza, ananituma nipite karibu nikikohoa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilikohoa siku tatu.

Siku ya nne nikamtandikia kitenge mahali mchanga ulipobonyea kidogo.

"Mama, lala. Nakuomba."

Akatazama. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa kiberiti. Nikashangaa, sijui alikinunua saa ngapi. Akainama, akawasha, akashusha. Kikazimika. Cha pili kikazimika. Cha tatu.

"Unaona?" Sauti ilikuwa imemkauka. "Inazimika!"

"Mama, huo ni upepo! Upepo wako uliouchagua!"

Nikacheka, tena kwa sauti. Halafu nikaona njiti zinavyomwagika mchangani, nikaona aibu. Nikapiga magoti. Nikavua kitenge changu cha juu, nikakitanua kwa mikono miwili kuukinga upepo.

"Washa tena, Mama."

Akawasha. Akashusha mpaka chini kabisa. Moto ukasimama wima, ukala njiti yote mpaka kwenye vidole vyake, na hakuitupa.

"Siku ile kilikuwa kimelowa," akasema. "Mvua. Niliwasha, niliwasha, kikakataa. Na mutoto alikuwa anatetemeka."

Sikuwa nikijua. Nilikuwepo pale na bidoni yangu, na sikuwa nikijua.

"Nisamehe, Mama," nikasema.

Hakuuliza nisamehewe nini. Alivua viatu, akavipanga pamoja, akalala juu ya kitenge, ubavu kwanza, halafu chali.

"Weye usikae," akasema, macho ameshayafumba. "Ubaki umesimama."

"Nitabaki, Mama."

Akalala. Muuza madafu akaja akiita wateja, nikamfukuza kwa mkono. Jua likanichoma shingo, magoti yakauma. Nilibaki nimesimama pale mpaka adhana ya alasiri, nikikitazama kifua chake kikipanda na kushuka.