Mtoto Aliyeachwa Barazani

Kwenye kibanda chake cha udobi, watu walimwita Mama Pasi, ingawa hakujaliwa kupata mtoto. Alikuwa mcheshi kupindukia. Ukimpelekea shati lililokunjamana alikuuliza, "Hili umelilalia wewe, au limekulalia?" Hakuna mteja aliyejua kwamba mama yake alimtupa akiwa na miaka saba.

Mama huyo alimfikisha kwa wifi yake, akamkalisha barazani na kumwambia, "Nisubiri hapa mwanangu, narudi sasa hivi." Hakurudi. Shangazi alimlea vizuri, lakini kwa miaka mingi, hodi ikipigwa mlangoni, mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka.

Mama alionekana tena akiwa kikongwe. Aliletwa na mwenye nyumba aliyokuwa amepanga, ana mfuko mmoja wa nguo na kumbukumbu zimemtoka. Mama Pasi, mwenyewe ameshaota mvi, akampokea. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Mama alidhani yuko hospitali.

"Nesi, una mkono mwepesi," alimwambia. "Mama yako alikufunza."

Siku hiyo, wakati wa kumwogesha, Mama Pasi alimmwagia maji ya baridi makusudi. Kikongwe akalia, akitetemeka. Mama Pasi akaiogopa mikono yake mwenyewe. Kesho yake akamwomba jirani amwangalizie mgonjwa, akaenda kliniki kuonana na mshauri.

"Dada, sijui nimepandwa na nini," alimweleza. "Namhurumia, nampaka mafuta. Mara anatoka mwingine ndani yangu, anataka aumie."

Mshauri hakushtuka. "Huyo mwingine unamsikia wapi mwilini?"

"Hapa." Akashika koo.

"Hebu muulize ana umri gani."

Mama Pasi akaangua kicheko. "Nimekuja kutibiwa wazimu, wewe unaniongezea!" Lakini alifumba macho, na kicheko kikamkauka mdomoni. "Saba," alisema. "Bado amekaa barazani. Hajui kama nimekua."

"Na huyu anayechekesha watu?"

Alifumbua macho. "Huyu hupiga kelele ili yule asisikike."

"Basi usimfukuze hata mmoja," mshauri akamwambia. "Wasikilize. Ila maji ayashike mtu mzima."

Akawa anakwenda kila wiki. Nyumbani, hasira ikimpanda, aliweka ndoo chini, akatoka uani na kunong'ona, "Nakusikia. Una haki ya kukasirika. Ngoja nimkaushe kwanza." Siku nyingine ilisaidia. Siku nyingine alimwachia jirani kazi, akajifungia chumbani.

Asubuhi moja, alipokuwa akimchana nywele, mama alimkamata mkono kwa nguvu.

"Nesi, nina mtoto. Nilimwacha kwa wifi yangu, barazani. Nilimwambia narudi. Tafadhali nenda ukamchukue, mvua itamnyeshea."

Chanuo likamdondoka. Alipiga magoti mbele ya kiti. "Mama, ni mimi. Nilikusubiri sana."

Kikongwe akamtazama usoni, akatikisa kichwa. "Hapana. Wangu ni mdogo." Akaanza kulia. "Nenda, nesi. Tafadhali."

Yule wa miaka saba alitaka kupiga ukelele. Mama Pasi alimsikia wazi kabisa, akamwacha alie. Kisha akavaa ndala, akatoka nje na kusimama ukutani huku machozi yakimtiririka. Alipoweza kusema, akarudi ndani.

"Nimemchukua, mama. Tuko naye."

"Amekula?"

"Amekula."

"Aliniulizia?"

"Kila siku."

Mama akamwachia mkono, akalala. Hakumwita tena, si nesi wala mwanangu. Wiki hiyohiyo akafariki.

Makaburini, shangazi, sasa anatembelea mkongojo, alimsogelea. "Umemsamehe, mwanangu?"

"Sijui, shangazi. Nusu yangu imemsamehe tangu zamani. Nusu nyingine haitaki hata kumsikia."

"Na unalia hivyo?"

"Zote mbili zinalia."

Shangazi alimshika kiwiko, wakasimama pamoja mpaka kaburi likajaa udongo.

Bado anakwenda kwa mshauri. Kuna siku anamlilia mama yake saa nzima. Kuna siku anamlaani mpaka sauti inamkauka, halafu anaomba maji ya kunywa, na mshauri anammiminia.