Mgomba Uliozikwa Mayoni

Maximilla wa Mayoni hukata miwa yake mwenyewe kwa panga, na mtu akimwonea huruma kwa hilo hujibiwa vibaya. Nimemfahamu miaka ishirini. Nimewafundisha binti zake wawili, na mwaka jana nikawa karani wake, nikimwandikia barua zilizokwenda mbali na kurudi na maneno matupu. Nayaandika haya kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yangu juu yangu mwenyewe.

Binti yake mkubwa, Navalayo, alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mwezi wake wa kumi na nne huko akafa. Mwajiri alisema ameanguka ngazini. Mwili ukawekwa kwenye friji ya hospitali huko, na huko ukabaki. Maximilla alitaka kitu kimoja tu, mtoto wake arudi azikwe kwao.

Ofisi ya Nairobi ilituambia tuulize ubalozi. Ubalozi ukasema kibali hutolewa na polisi wa nchi ile. Polisi wakasema wanamsubiri mwajiri, naye mwajiri ni raia wa nchi nyingine kabisa, kwa hiyo tuandike huko. Serikali tatu, na kila moja ilitufukuza kwa adabu nzuri.

Siku moja alikuwa akipalilia miwa, nami nimesimama kando na barua mpya mkononi. Akaegemea jembe akaniuliza, "Mwalimu, na hawa wote hawananga mkubwa wao?"

Nikamweleza habari za Umoja wa Mataifa, kwamba ule ni mkutano, si serikali, na hauwezi kumwamuru mtu yeyote afungue friji. Akasema basi iwepo serikali moja ya dunia nzima, yenye mlango mmoja, mtu akilia pale asiambiwe aende kulia ng'ambo. Mimi nimesimamia midahalo ya shule kuhusu jambo hilohilo, na kila mwaka nawapa ushindi wapingaji. Nikammwagia hoja zangu zote. Hii ya kaunti tu, hapo Kakamega mjini, inatushinda kuifikia; hiyo ya dunia itakaa wapi? Na mkubwa wake akiharibu, atatolewa na nani, wakati hakuna kwingine pa kukimbilia?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hoja zangu ni nzuri sana kwa mtu ambaye watoto wake wote wako nyumbani. Akainua jembe akaendelea kupalilia.

Miezi minane ilipita hivyo. Ndipo shemeji yake, mzee Were, akaja na neno la ukoo. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo zake, ukalazwa kwenye jeneza na kuzikwa kwa sala na nyimbo kama mtu. Were alisema wakati umefika, nyumba haiwezi kukaa na msiba usio na kaburi. Maximilla akakataa katakata. Mtoto wake hakupotea, alisema, anajulikana aliko, hata namba ya friji anayo.

Were hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, kama sisi sote. Akanituma mimi nikamshawishi, nami, msomi mzima, nikaenda. Nikamwambia mgomba ni wa kutuliza nyumba tu, barua zitaendelea. Alikubali kwa sababu niliyesema ni mimi.

Tulizika Jumamosi. Mgomba ulivikwa gauni la kanisani la Navalayo, na mdogo wake, Phoebe, akalia mpaka akashikwa mikono. Naibu wa chifu alikuwepo, akatoa rambirambi zake, na Jumatatu akaandika ripoti ya kawaida: mazishi ya Navalayo yamefanyika Mayoni, hakukuwa na fujo. Neno mgomba hakuliandika. Aliandikie nani, na hapa kila mtu anajua?

Nairobi hawakujua, au kutojua kuliwafaa. Baada ya wiki tatu barua ikaja, na safari hii ilikuwa na mihuri ya nchi zote tatu. Ilisema kwa kuwa marehemu amekwisha kuzikwa na jamaa zake, serikali husika zimekubaliana kwa kauli moja kulifunga faili. Mwili uliobaki katika friji ile, kwa kuwa hauna wenyewe, utazikwa na manispaa ya huko ndani ya siku thelathini.

Nilimsomea mara mbili. Watu walioshindwa miezi tisa kuamua nani afungue mlango mmoja, waliamua kwa siku ishirini na moja kwamba mama huyu hana mtoto kwao. Nilitaka kuichana ile karatasi. Maximilla aliichukua, akaitazama ile mihuri mmoja mmoja.

"Kumbe wakitaka," akasema, "wanakuwanga kitu kimoja."

Akachukua jembe akaenda kaburini. Were alikuja mbio akimkataza, kwamba kufukua kaburi ni mwiko, ataleta balaa kwa ukoo mzima. Maximilla akamuuliza ni kaburi la nani, na hakusimamisha jembe. Were akavua koti akaingia shimoni kumsaidia.

Mgomba ulikuwa umeoza ndani ya gauni. Tukautia kwenye gunia la mbolea, Maximilla akajitwika, akakataa kupokewa njia nzima. Ofisini kwa naibu wa chifu hakubisha hodi. Aliliweka gunia juu ya meza na kumwambia aandike ripoti upya, aandike kile tulichozika. Maji meusi yalikuwa yakichuruzika kwenye mafaili. Yule bwana akachukua kalamu, akanitazama mimi, mwalimu, akaniuliza pale penye jina la marehemu ajaze nini.

Maximilla alimjibu kabla yangu.

"Andika mgomba. Mtoto wangu bado hajazikwa."