Mguu wa Fundi Ngatia

Fundi Ngatia alikuwa na karakana ya mbao pale Ruring'u, hatua chache kutoka uwanja wa michezo, na mtu wa Nyeri aliyetaka kitanda cha kudumu alimwendea yeye. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mikono mipana. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kufunga kazi kwa sababu ya ugonjwa, na jambo hilo alilisema mara nyingi, kama mtu anayetaja cheo chake.

Mapema mwaka wa 1996 alishikwa na kiu isiyokatika. Alikunywa maji kutwa, akawa anaenda haja ndogo kila mara, na suruali zikaanza kumlegea kiunoni. Mkewe, Watiri, alimwuliza kuna nini.

"Ni kazi tu, Mama Kabura," alijibu. Kabura alikuwa binti yao wa kwanza, aliyekwisha kuolewa.

Lakini alikuwa na hofu. Siku moja alimwambia Watiri anakwenda Kerugoya kuangalia mbao. Kerugoya alikwenda kweli, ila aliingia kliniki, mahali ambapo hakuna aliyemjua.

Nesi alimpima, akamketisha. "Mzee, uko na ugonjwa wa sukari. Ukijichunga utaishi miaka mingi." Akamweleza: anywe chai bila sukari, ameze vidonge kila siku, na kila jioni aoshe miguu, aikaushe katikati ya vidole, atazame nyayo kwa kioo. Ugonjwa huo huua hisia za miguu, alisema, mtu akaumia asijue. "Mwambie mama akusaidie kuangalia."

Ngatia aliitikia. Njiani alijiona, mwanaume mzima, ameinamia kioo kutazama nyayo zake, na mke ameshika taa. Aibu ikampanda. Alipofika karakana alivificha vidonge ndani ya mkebe wa misumari, na Watiri hakuambiwa neno.

Kila Jumapili baada ya ibada, wanaume wa kanisa lao walikutana nyumbani kwa mmoja wao. Chai ililetwa ikiwa imeshatiwa sukari kwenye birika. Kuikataa kungetaka maelezo, kwa hivyo Ngatia alikunywa, na alipoongezewa akanywa tena. Vidonge alivimeza kwa miezi miwili. Alipoona kiu imepungua, aliviacha.

Julai ya mwaka uliofuata ilikuwa na baridi kali, ukungu ukishinda hadi saa sita. Ngatia alikuwa akivaa gambuti za mpira kazini. Jioni moja alipozivua, soksi ya kulia ilikuwa imeloa damu. Msumari wa inchi mbili ulikuwa umetoboa soli na kuzama kwenye wayo. Alikuwa ameukanyaga tangu asubuhi, na hakusikia chochote.

Alikaa juu ya rundo la mbao akiutazama ule mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Maneno ya nesi yalimrudia yote. Kisha akachukua koleo, akang'oa msumari kwenye soli, akamwagia kidonda spiriti ya kuchanganyia vanishi, akafunga kitambaa na kuvaa soksi nyingine. Alitembea hadi nyumbani wima, bila kuchechemea. Hakuwa na haja ya kuchechemea.

Alilala na soksi wiki tatu. "Miguu imeshikwa na baridi," alimwambia mkewe. Harufu ilipoanza, Watiri alidhani panya amefia chini ya kitanda. Alisogeza kitanda, akafagia, akapiga deki. Harufu ikabaki. Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa chumba.

"Baba Kabura, toa hiyo soksi."

"Wacha mguu yangu."

"Utoe, ama nimwite ndugu yako akutolee."

Akaivua. Watiri hakupiga kelele. Aliketi sakafuni polepole, macho kwenye vidole vilivyokuwa vyeusi.

"Tangu lini?"

"Ni kamsumari tu kalinidunga."

"Nimekuuliza tangu lini."

Ndipo alipomwambia yote, kuanzia Kerugoya. Watiri alisikiliza hadi mwisho. "Ungeniambia ningekufanyia nini kibaya?" aliuliza. "Ningekunyima sukari. Hiyo tu."

Hospitalini mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari alisema kama Ngatia angekuja siku za kwanza, huenda angerudi nyumbani na bandeji tu.

Alijaribu kurudi kazini kwa magongo. Kupiga randa kunataka mtu asimame imara kwa miguu miwili. Alianguka mara mbili kwenye unga wa mbao, na mara ya pili alilala pale hadi jirani akamwinua. Alifunga mlango wa karakana kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo aliacha kanisa, akaacha kunyoa ndevu, hata kubadilisha shati mpaka alazimishwe. Kila jioni Watiri aliuosha mguu uliobaki kwa maji ya uvuguvugu, na Ngatia aliangalia ukuta.

Wanaume wa kanisa walikuja kumwona. Walizungumza kuhusu viazi, mvua na bei ya kahawa. Hakuna aliyeutaja mguu. Mwishoni mwa mwaka, wenzake walipoondoka, Gatimu, mwalimu wa shule ya msingi na rafiki yake wa tangu ujana, alibaki nyuma.

"Ati hiyo kiu yako," alisema kwa sauti ya chini, "ilianza aje?"

Ngatia alimtazama. Kola ya shati ilikuwa imempwaya Gatimu shingoni. "Wewe uko nayo?"

"Nauliza tu. Kuna mtu wa Timau ako hivyo. Humjui."

Kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni, Ngatia aliondoa blanketi. "Angalia vizuri. Nilikatwa hii kwa sababu sikutaka mke wangu ajue. Enda hospitali kesho. Na umwambie mke wako leo."

"Nitamwambia huyo mtu," Gatimu alijibu, akachukua kofia yake.

Ngatia alimtuma Watiri kwa Monicah, mke wa Gatimu, akamwonye. Monicah alipomwuliza mumewe, Gatimu alikasirika sana. Alisema Ngatia anatafuta mwenzake wa kulemaa naye. Hakukanyaga tena nyumbani kwa Ngatia.

Aprili, 1998, Gatimu alianguka mbele ya darasa akiwa na chaki mkononi. Alikaa siku mbili bila fahamu, akafa.

Kaburi lilichimbwa kwenye mteremko wenye utelezi wa mvua, na magongo yasingefika. Watiri alikwenda peke yake. Aliporudi alimkuta mumewe amelala, chakula alichomwachia hakijaguswa.

"Wamemzika vizuri," alimwambia. "Watu walikuwa wengi."

Ngatia alimgeuzia mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, na Watiri alipoweka mkono juu yake, aliusukuma.