Visanduku Viwili Kwenye Sendofu ya Neema

Nyie mliokuwepo Madale siku ile mlishacheka mkamaliza, na ambao hamkuwepo mmeiona picha, kwa hiyo sina cha kuficha: yule dada aliyepanda juu ya kiti cha plastiki mbele ya wageni wote, zipu ya gauni la sare imeachia ubavuni, kalamu nene mkononi, ni mie Upendo, na mpaka leo sijaona kwa nini niombe radhi.

Ilikuwa sendofu ya mdogo wangu Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na bango la jukwaani nililitengeneza mwenyewe (kazi yangu ni kusanifu kadi na mabango, nina kiofisi changu Temeke), na nilitaka lipite yote niliyowahi kutengeneza kwa sababu ya mtu mmoja tu, baba. Baba ni mwalimu mstaafu, ameandika ubaoni tangu sijazaliwa, na siku niliyomwambia naacha ualimu niingie kwenye usanifu alisema, "Mimi nimefundisha watoto kusoma herufi, wewe unakwenda kuzichezea." Hakuwahi kuja ofisini kuona hata kazi moja. Nikaapa kwamba siku ya sendofu ataona, atake asitake.

Sasa kwenye programu ninayotumia kuna kidirisha, ukikifungua unakuta herufi ambazo kwenye kibodi hazipo, N moja ina sura chungu nzima, kuna yenye kitanzi, kuna yenye mapambo, na mie kwa herufi zenye mikia sijiwezi kabisa. Nikachagua N ya kuanzia na a ya kumalizia, mkia wa hiyo a ukarudi nyuma ukapita chini ya jina zima la Neema, nikajipongeza kwa sauti peke yangu. Kilibaki kitu kimoja kidogo, kugeuza maandishi yawe mchoro kabla ya kuyapeleka kwa mchapaji, maana kompyuta yake kama haina fonti yako, yaani aina ya herufi ulizotumia, inaweka inayoijua yenyewe, na herufi isiyoijua inaiwekea kisanduku kitupu. Ila ukishageuza huwezi tena kurekebisha maneno, na shangazi Foibe, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameshayabadilisha mara nne (mara "Karibuni", mara "Karibuni Sana"), nikasema ngoja niache hivi hivi, akipiga simu tena nirekebishe fasta. Hakupiga. Nikatuma faili kwa mchapaji, Ubungo, kama lilivyo, nikaenda saluni.

Bango lilifika ukumbini limeviringishwa, wapambaji wakalitundika wageni wa kwanza wameshakaa. Huku kisanduku kitupu, huku kisanduku kitupu, katikati "eem", kwa herufi nyoofu za tangazo la chumba cha kupanga. Nikampigia mchapaji. "Sista," akaniambia kwa upole, "mie nilijua ndio staili yako."

Baba alikuwa kiti cha mbele, amevaa miwani, anasoma.

Shangazi Foibe akanivuta mkono. "Literemsheni hilo, tuweke kitambaa tu."

"Haliteremki, shangazi."

"Upendo, usinitie aibu kwenye kamati yangu."

Nilikuwa nimeona aibu kiasi kwamba masikio yanawaka, lakini nilijua likishuka, baba atabaki na visanduku vile kichwani maisha yake yote, na mie nitabaki mchezaji wa herufi. Nikachukua kalamu nene kwenye meza ya zawadi, nikavuta kiti, nikapanda, nikaanza kuchora N juu ya kisanduku cha kwanza. Ilikuwa inakuja vizuri, nawaambia ukweli, mpaka nilipoinua mkono kufikia kitanzi cha juu, zipu ikaachia kutoka kwapani hadi kiunoni na mlio ukasikika, kwa sababu muziki ulikuwa umezimwa ili mshereheshaji ajaribu kipaza sauti. Na akakijaribu. "Wageni waalikwa," akasema, "msanifu wetu bado yuko kazini." Ukumbi mzima ukacheka, simu zikainuliwa, mie nimebana ubavu kwa kiwiko nachora, sishuki.

Nikaona baba anakuja. Nikajua nateremshwa mbele za watu, mtu mzima na ofisi yangu. Akavua koti lake, akanivika, akanifunga vifungo kwa mikono yake, halafu akanyoosha kiganja.

"Kalamu."

Nikampa, nikashuka. Akapanda yeye, taratibu, nikamshikia kiti, akaandika a juu ya kisanduku cha pili kama alivyokuwa akiandika tarehe ubaoni tulipokuwa wadogo, na hakuinua mkono, mkia ukarudi nyuma ukapita chini ya jina lote mpaka kwenye N yangu. Ule ule niliouhangaikia kwenye kidirisha.

"Ndio huu ulikuwa unautafuta kwenye kompyuta?" akaniuliza akiwa bado juu.

"Ndio, baba."

"Ungeniuliza."

Toka siku hiyo sitoi kazi kabla sijageuza herufi kuwa mchoro, hata shangazi Foibe akipiga simu analia. Lakini wanaonishauri eti niwe naandika kwa herufi za kawaida nisije nikaaibika tena, wasahau, mikia siiachi. Na hiyo picha endeleeni kuitumiana. Mkifika kwenye jina, N ni ya kwangu, a ni ya baba.