Hamali Anayeuliza Kwanza

Hapa bandarini Unguja yuko hamali habebi kitu mpaka aambiwe ndani mna nini. Huku akikunja kitambaa cha kata ya kuwekea mzigo kichwani kwa vidole vyake vigumu, huuliza kwa sauti ya chini: "Mna nini humu?" Akinyamaziwa, huondoka.

Juzi mgeni wa Kijerumani, mwenye begi zito na Kiswahili cha kitabuni, akamcheka. "Mawe tu, mzee."

Hamali akaiondoa kata utosini, mishipa ya shingo imemtoka. "Babu yangu aliambiwa hivyo hivyo kule Tendaguru, bara. Akayabeba kichwani, kwa miguu mpaka Lindi, yakapakiwa melini kwenda kwenu. Kumbe mifupa ya dinosaria. Leo imesimama Berlin mnaipigia picha, na yeye alikufa akijua kabeba mawe." Akaweka mguu juu ya begi. "Fungua."