Aliyekwenda Kisiwani Badala Yangu

Najua utasema nilikuwa nimechoka nikaota. Daktari alisema hivyo hivyo, na Mungu anajua ningefurahi kama ingekuwa ndoto. Lakini mambo haya yalinipata mimi, hapa hapa Doha, na walioyaona wako hai. Waulize ukitaka.

Mimi ni nesi. Ninaishi Al Mansoura, chumba kimoja na Prossy, Mganda anayefanya kazi hotelini. Rafiki yangu mkubwa ni Nekesa. Tumetoka naye mtaa mmoja nyumbani Kenya, na huku anafanya kazi ya kompyuta, anakaa Al Thumama karibu na uwanja wa ndege. Nekesa ndiye aliyeleta habari ya kisiwa. Kisiwa kidogo tu, huko Mediterania. Ukifika Malta unapanda feri unavuka. Alikiona kwenye simu akapagawa nacho.

"Dada, wikendi moja tu," aliniambia. "Tulale, tule samaki, tusisikie mtu akiita nesi, nesi."

Nikakubali. Yeye akashughulikia yote: viza, tiketi, chumba chenye dirisha la kutazama bahari. Pasipoti yangu akakaa nayo yeye. Hata begi langu nililipeleka kwake mapema, ili siku ya safari nitoke kazini, nioge, nikamkute uwanjani. Kila jioni alinitumia picha. Na mimi, nikuambie ukweli, kila nikizitazama nilikuwa nahesabu ngazi nitakazopanda, foleni nitakazosimama, na tabasamu nitakalotakiwa kutoa. Wodi yetu ilikuwa na upungufu wa watu, na nilikuwa nimewashikia wenzangu zamu nyingi mno. Nilichoka mpaka kupumzika kukawa kazi nyingine ya kufanya.

Alhamisi yenyewe ikafika. Basi la kazini lilinishusha magharibi, ule msimu ambao ukitoka kwenye kiyoyozi hewa inakupokea kama taulo lililochovywa maji moto. Miguu ilikataa ngazi za nyumbani. Nikakaa kwenye benchi nje ya kimgahawa cha chini, pale wanapouza karak, chai nzito ya maziwa na iliki, nikawaza nipumzike kidogo kisha nipande.

Mwanamke akaja akakaa kando yangu. Alivaa abaya nyeusi, kama wanawake wengi hapa, kwa hiyo sikumjali. Kilichonishtua ni kwamba alinisalimia kwa Kiswahili, tena cha kwetu kabisa.

"Umechoka, dada."

"Nimechoka," nikamjibu.

"Na bado una safari."

Ungefikiri nini wewe? Mimi nilifikiri ni Mkenya mwenzangu, labda anamjua Nekesa. Nikamweleza habari ya kisiwa. Alisikiliza kwa hamu, akauliza kama maji ya huko ni baridi, kama kuna muziki. Wakati huo mimi natiririka jasho, miwani imejaa ukungu, na yeye uso wake mkavu kabisa. Na uso wenyewe, niamini, niliujua. Kila nilipotaka kukumbuka nimeuona wapi, fikra inateleza. Nikaona anasugua goti lake la kushoto kwa kiganja, polepole, akilizungusha. Hilo ndilo goti langu bovu, na ndivyo ninavyolisugua.

"Mtu angekuendea huko, ungemruhusu?" akauliza.

Nikacheka. "Aende tu. Mimi nataka kitanda."

"Sema vizuri."

"Haya. Nenda badala yangu."

Akanishika kifundo cha mkono, vidole viwili, kama ninavyowapima wagonjwa mapigo ya moyo. Akanishika hivyo kitambo. Kisha akasema, "Asante, dada. Lala sasa," akaondoka kuelekea barabara kubwa. Hakuwa akichechemea hata kidogo.

Nilipanda chumbani. Nakumbuka nikikaa kitandani nivue viatu. Basi.

Nilipoamka, Prossy alikuwa amenisimamia akilia. Ilikuwa Jumamosi, jua linazama. "Nyabo, dada yangu, nimekuita tangu jana," alisema. "Nimekumwagia maji usoni. Unapumua lakini huamki! Nilikuwa naita ambulensi sasa hivi."

Jambo la kwanza nililowaza ni Nekesa. Maskini, alinisubiri uwanjani! Nikachomeka simu chaji, nikitarajia kukuta amenipigia mpaka akachoka. Hakuna simu hata moja. Nekesa hakunitafuta kabisa. Kulikuwa na picha tu, na maneno chini yake: *Nakutumia zako, simu yako si imezima.*

Nilikuwa mimi. Mimi juu ya mawe meupe, gauni langu la buluu lililokuwa kwenye begi, bahari nyuma. Mimi ndani ya maji mpaka shingoni, na mimi sijui kuogelea. Katika picha zote nacheka, mdomo wazi. Nina jino lililovunjika hapa mbele, na tangu shule nimecheka nikiwa nimeziba mdomo. Huyu hakuziba. Pengo lilionekana na hakujali.

Prossy alizitazama, akanitazama, akavuta rozari yake chini ya mto.

Nekesa alikuja Jumapili jioni, ananing'iniza begi langu. "We msichana, umenikimbia! Nimegeuka pale uwanjani kuchukua mizigo, hupo."

"Nekesa, mimi sikwenda."

Alicheka. Kisha akaona siko kwenye utani, akakasirika, akasema kama sikufurahia nimwambie tu. Prossy ndiye aliyemkalisha chini akamweleza jinsi alivyokesha akiniita. Nekesa akanisogelea. Akanishika mkono, akaugeuza, akautazama. Yule wa kisiwani alikuwa ameungua na jua mpaka ngozi ya mabega ikabanduka. Mimi nilikuwa nimepauka, kama mtu aliyefungiwa ndani.

"Basi nililala chumba kimoja na nani?" akauliza.

Tangu siku hiyo sijapumzika. Ninalala, naam, lakini naamka nimechoka vile vile nilivyokaa kwenye lile benchi. Wamenipima damu, wamenipima moyo, hawaoni kitu. Mchungaji ameniombea kule Mesaimeer, kwenye makanisa ya hapa. Ijumaa moja, maana huku tunasali Ijumaa, baada ya ibada huko huko, mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia akanishukuru kwa kwenda kumwona mtoto wake mchanga, na jinsi nilivyomchekesha. Siku aliyoitaja nilikuwa zamu kutwa nzima. Kwa hiyo yule wa benchi hajaenda mbali. Anaishi humu humu mjini, na watu wanampenda.

Nekesa tulibaki marafiki, lakini kuna kitu. Nikimsimulia jambo namwona ananitazama kwa subira, kama anasubiri mtu mwingine aingie. Juzi tulikuwa kwake tunaosha vyombo, akaniambia anapanga kurudi kisiwani.

"Utakuja?" akauliza.

"Unamuuliza nani?" nikamuuliza mimi.

Alisuuza sahani ile ile muda mrefu. "Nisamehe, dada," akasema. "Mimi nitasubiri uwanjani. Yeyote kati yenu atakayekuja, nitasafiri naye."

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, hata mimi najua ningemtaka nani.

Wewe unayenisikiliza, najua nawe umechoka. Huku nani hajachoka? Sema umechoka, futa safari, mkasirishe rafiki yako, ulale. Lakini mtu usiyemjua akikaa kando yako akajitolea kwenda mahali pako, hata kama unadhani anatania, inuka uende mwenyewe. Nenda hata kwa kutambaa.