Kuume si Kiume: Siku Niliyobadili Leseni Kolwezi

Ndugu zangu wa Mbeya, mmeniuliza sana kwenye simu kama kweli naendesha gari huku Kongo au najigamba tu. Haya, sikilizeni. Mnajua nimeshika usukani wa lori miaka kumi na moja. Lakini tangu nihamie Lubudi kwa mume wangu, fundi wa reli, nilikuwa abiria tu, na leseni yangu ya Tanzania ilikaa pochini bila kazi. Halafu zahanati ya masista ikatafuta dereva wa gari la wagonjwa. Niliitaka kazi ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Alfajiri tuliondoka Lubudi kwa gari la abiria, mimi na Sista Odile, msimamizi wa zahanati. Gari lao lilikuwa gereji Kolwezi, limeshatengenezwa, linangoja wa kulirudisha. Sista hakuzungukazunguka kuhusu leseni niliyokwenda kuibadili, ambayo huku wanaiita permi.

"Mama Neema, kama banakupa permi leo, utaendesha motokari mpaka kwetu. Kama banakatala, niko na shofere mwingine ku Likasi. Bagonjwa habawezi kungoya."

Njiani nilijaribu kutazama mashamba ya mahindi na baiskeli zilizolemewa na magunia ya mkaa, lakini macho yalirudi kwa dereva wetu. Kila alipopishana na gari upande ule usio wetu, mguu wangu ulikanyaga breki ambayo haikuwepo.

Saa tatu asubuhi tulifika Kolwezi. Mji wenyewe umechangamka! Malori ya shaba, pikipiki za vijana wachimbaji, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Ofisini karani alipokea leseni yangu, tafsiri yake ya Kifaransa, picha na karatasi ya daktari wa macho. Nikadhani tumemaliza. Kumbe anayetoka nchi ya kuendesha kushoto lazima kwanza azunguke mji na mkaguzi.

Saa tano mkaguzi akaja, Tata Kalenga, mzee mwembamba mwenye kofia. Nikafungua mlango wa kulia wa gari la ofisi, nikakaa, nikatafuta usukani. Ulikuwa upande wa pili. Akaniangalia nikihama.

Tukaondoka. Nilienda polepole, kwa adabu. Tulipokaribia njia panda akasema, "Kuume, mama."

Mimi nikasikia: kiume!

Damu ikanipanda. Miaka kumi na moja ya lori, leo naambiwa niendeshe kiume? Akarudia kwa sauti kubwa, "Kuume, mama! Kuume!" Nikasema utakiona. Nikakanyaga mafuta, nikapita njia panda moja kwa moja, nikaingia barabara ambayo magari yote yalikuwa yakinijia. Lori lilipiga honi kama meli. Nikatoka pembeni, nikasimama. Kofia ya Tata Kalenga ilikuwa miguuni pake.

"Mi nasema kuume, we unaenda mbele!"

"Nimeendesha kiume, Tata, kama ulivyotaka!"

Akanikodolea macho. Hapo ndipo nikaanza kuelewa. "Tata, ulitaka niende kulia?"

"Kulia juu ya nini? Nani amekupiga?"

Nikainua mkono. "Huu mnauitaje?"

"Mukono ya kuume."

"Kwetu ni mkono wa kulia."

"Banalia na mukono?"

"Kulia chakula, Tata!"

Alicheka mpaka akatoa leso. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa nataka kulia kwelikweli. Neno lenyewe nalijua, nalisikia kanisani kila Jumapili. Masikio ndiyo yalinisaliti.

Akaacha kucheka ghafla. "Permi haitoke juu ya kuchekesha. Tutaanza tena. Ukikosa mara moja tu, utarudi mwezi mwingine."

Saa sita kasoro tukashika njia ya Mutoshi. Kugeuka kuume ni rahisi. Taabu ni kushoto: unakata barabara yote, na viungo vyako vyote vinakuomba ujibanze upande wa nyumbani. Nilijisemea kimoyomoyo, pana, pana, peleka mbali. Nikapeleka. Pikipiki yenye watu watatu na gunia ikachomoka, nikaipa njia. Mara ya tatu nikageuka bila kujisemea chochote, na furaha ikanijaa kifuani. Mikono ilikuwa imekubali!

Saa nane karani alinipa karatasi ya muda hadi kadi itoke. Tata Kalenga mwenyewe aligonga mhuri, ambao huku wanauita kashe. "Bon voyage, mama. Endesha kiume," akasema, safari hii akiwa na maana hiyohiyo.

Nilijifunza kwamba Kiswahili changu, nilichokileta huku kwa majivuno, nacho kinahitaji kubadilishwa kama leseni. Sasa nikiambiwa neno nauliza kwanza, hata likiwa neno la mama yangu.

Jioni tulilichukua gari la wagonjwa gereji, tukaanza kurudi Lubudi, mimi nikiwa kwenye usukani. Nilijiandaa kwa maswali ya Sista: mbona hivi, punguza hapo, angalia lori. Hatukuwa tumeyaacha hata magenge ya mwisho ya Kolwezi, nikamtupia jicho. Alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma.